Mtoki Ukinywea, Huenda Wapi? Kinga ya Mwili na Vifo vya Seli Zake

Mtoto akichomwa na mwiba mguuni na kidonda kikatunga usaha, siku ya pili au ya tatu ataanza kulalamika kwamba kinena kinamuuma. Bibi atapapasa, atakuta kinundu kigumu kama kokwa ya zambarau, na atasema bila kusita: huo ni mtoki, umetokana na mguu. Hajakosea. Kinena kina tezi za limfu zinazopokea majimaji yote yanayopanda kutoka mguuni, na seli za kinga zilizomo zikigundua mgeni huanza kuzaliana kwa kasi mpaka tezi ivimbe. Hilo wengi tunalijua. Ila sijawahi kumsikia mtu akiuliza swali linalofuata: kidonda kikipona, mtoki huenda wapi?

Haupasuki, hautoki na jasho, na seli zilizoujaza hazirudi popote. Nyingi mno zinakufa, baadhi mle mle ndani ya tezi, nyingine huko zilikotawanyikia, zikaliwa na jirani zao wakati mtoto keshaanza tena kucheza mpira. Kinga ya mwili inaendeshwa kwa vifo vya namna hii, tangu seli zake zinapofunzwa kazi hadi zinapoachishwa. Na magonjwa kadhaa tunayoyajua kwa majina ni habari ya vifo hivyo kwenda mrama: seli iliyotakiwa kufa imekataa, au imekufa kwa fujo, au imekufa kwa utaratibu ikakosa wa kuizika.

Mabango ya afya yametuzoesha kuziita seli nyeupe za damu askari wa mwili. Si mfano mbaya, lakini unatuacha njiani. Askari vita ikiisha hurudi kambini, hulipwa mshahara, huoa. Seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe, inayomtambua kirusi fulani ni adimu sana mwilini kabla ya ugonjwa. Ikishaamshwa hugawanyika mara kadhaa kwa siku, na ndani ya wiki moja hivi ukoo wake umefikia maelfu kwa maelfu. Kirusi kikishatokomezwa, katika wiki chache zinazofuata kiasi cha 90 hadi 95% ya ukoo huo hufa. Zinazobaki, 5 hadi 10%, ndizo zinazotunza kumbukumbu, nazo ni miongoni mwa sababu za mtu aliyeugua surua utotoni kutoiugua tena.

Fikiria zisingekufa. Kila mafua, kila kuhara, kila mwiba wa mguuni ungeacha jeshi zima mitaani, na silaha mkononi. Seli T muuaji hubeba vifuko vya sumu: protini moja ya kutoboa utando wa seli nyingine, na vimeng'enya vya kupenyeza ndani kuiamuru ijiue. Haitakiwi kuranda na mzigo huo bila kazi.

Sasa nani anaziua? Mara nyingi hakuna anayeziua. Seli hizi zinaishi kwa posho. Wakati wa maambukizi tezi hujaa jumbe za kikemikali ziitwazo interlukini, na kila ujumbe unaoifikia seli ni kama kuambiwa: ishi leo. Adui akiisha, jumbe zinapungua. Ndani ya seli protini iitwayo Bim, iliyokuwa imefungwa mkono muda wote, inapata nafasi, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinavuja, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo kila seli huzaliwa navyo vikiwa vimelala, vinaamka na kuanza kuikatakata seli kutoka ndani. Kwa hiyo seli ya kinga haihitaji sababu ya kufa. Inahitaji sababu ya kuendelea kuishi, na sababu hiyo lazima iletwe upya kila mara.

Kifo hiki kilipata jina mwaka 1972. John Kerr wa Australia, akiwa na Andrew Wyllie na Alastair Currie huko Uskoti, waliona kwenye darubini seli zinazokufa kwa namna isiyofanana na kuoza wala kuungua, wakamwendea profesa wa Kigiriki wa Chuo Kikuu cha Aberdeen awatafutie neno. Akawapa neno la kale linaloeleza majani yanavyodondoka mtini: apoptosisi. Wangekuja pwani yetu tungewapa neno letu, maana tunalo na linatosha kabisa: kupukutika. Ndilo nitakalolitumia.

Seli inayopukutika hunywea kwanza na kujitenga na jirani zake. DNA yake inakatwa vipande kwa vipimo, utando unafanya mapovu, kisha seli nzima inagawanyika kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, hakuna kinachomwagika. Kabla ya hapo inafanya jambo moja dogo lenye maana kubwa: kuna aina ya mafuta ambayo siku zote hukaa upande wa ndani wa utando, nayo huyageuzia nje, kama mtu anayegeuza kanzu ndani nje. Makrofaji, ile seli kubwa ya kula uchafu, ikiyaona mafuta hayo inajua cha kufanya. Inameza. Na ikishameza mfu wa aina hii hutoa kemikali za kutuliza, ikiwaambia waliopo karibu kwamba hakuna jambo. Ndiyo maana makumi ya mabilioni ya seli hufa mwilini mwako kila siku na hujawahi kusikia hata homa. Usaha wenyewe, ule uliokuwa kwenye kidonda cha mguu, kwa sehemu kubwa ni maiti za nyutrofili, seli ambazo uboho hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kwa siku na ambazo umri wao hauzidi siku chache. Tunauona usaha kwa sababu pale wafu wamewazidi wazishi.

Kwamba kifo hiki kimeandikwa kwenye jeni, na si ajali, kulithibitishwa na mnyoo wa milimita moja. Anapokua hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati yake hufa, zile zile, kila mnyoo, kila mara. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyotokana na mnyoo huyo. Jeni zinazoamua vifo vyake zina ndugu zao ndani yetu.

Lakini kwa kinga, kupukutika hakuanzi baada ya vita. Kunaanzia shuleni.

Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi iitwayo thaimasi, kubwa utotoni, inayonyauka taratibu baada ya balehe. Humo ndimo seli T zinamofundwa. Kila moja hujitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni kama mtu anayechanganya karata, bila kujua kitakachotokea. Kwa bahati nasibu hiyo mwili unapata vipokezi vya kila aina, pamoja na vya kumtambua kirusi ambaye hajawahi kuonekana duniani. Pia unapata vipokezi vingi visivyofaa kitu, na vingine vya hatari, vinavyong'ang'ania tishu za mwenyewe.

Mitihani ni miwili. Wa kwanza: je, kipokezi chako kinaweza hata kugusa vibebeo ambavyo seli za mwili hutumia kuonyeshea protini zao? Kisipoweza, hupati ujumbe wa kuishi, unapukutika. Wanafunzi wengi wanaishia hapo. Wa pili: je, kinazishika protini za mwili kwa nguvu kupita kiasi? Kikizishika hivyo, hukumu mara nyingi ni kifo. Wanaofaulu yote miwili hawafiki 5%. Shule inayofelisha namna hiyo wazazi wangeshaandamana, lakini hii ndiyo inayokufanya uamke asubuhi bila kinga yako kuwa imekula kongosho lako.

Hapo kuna kitendawili kilichowasumbua watu muda mrefu. Insulini hutengenezwa kwenye kongosho. Thaimasi iko kifuani. Seli T itapimwaje dhidi ya insulini mahali ambapo insulini haitengenezwi? Jibu ni jeni iliyotambuliwa mwaka 1997, iitwayo AIRE. Inazilazimisha baadhi ya seli za thaimasi kutengeneza sampuli ndogo ndogo za protini za viungo vingine: kidogo cha kongosho, kidogo cha tezi za shingoni, kidogo cha jicho. Ni kama kaunta ya vitambaa kwa fundi cherehani, kipande cha kila jora. Watu wachache wanaozaliwa na AIRE iliyoharibika, ambao wanapatikana zaidi Ufini na Sardinia kuliko kwingineko, hukua na fangasi za mdomo zisizokoma na tezi zinazoshambuliwa moja baada ya nyingine na kinga yao wenyewe. Seli zilizopaswa kufelishwa zilipewa vyeti.

Hata hivyo shule haikamati wote, na baadhi ya seli huharibika zikiwa kazini. Kwa hizo upo mlango wa pili wa kifo. Juu ya seli iliyoamshwa mara nyingi huota protini iitwayo Fas, mfano wa kengele ya mlangoni. Seli nyingine ikiibonyeza kwa kidole chake maalumu, kaspasi zinaamka ndani. Panya wa maabara wasio na Fas inayofanya kazi walijulikana kwa miaka mingi kwa sababu tezi zao huvimba kupita kiasi na miili yao hujishambulia. Timu ya Shigekazu Nagata huko Osaka ilionyesha mwaka 1992 kwamba kasoro yao ni hiyo kengele. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba wapo watoto wenye kasoro ile ile. Tezi zao za shingo, kwapa na kinena huvimba tangu utotoni na wengu unakuwa mkubwa, wakati hawana maambukizi yoyote. Hao ndio wenye mtoki usiokwisha.

Kutoka kwenye kengele hadi kwenye kaspasi kuna waya, na miongoni mwa waliouonyesha ni mtu wa kwetu. Vishva Dixit, mzaliwa wa Kenya aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa na maabara Michigan katikati ya miaka ya 1990. Humo zilitambuliwa protini FADD, inayojishikiza kwenye Fas kwa ndani, na kaspasi-8, inayojishikiza kwenye FADD. Maabara nyingine zilikuwa zikifikia majibu hayo hayo wakati ule ule. Nashangaa jina lake halisikiki zaidi madarasani Afrika Mashariki. Tutakutana naye tena hapa chini.

Mpaka hapa nimezungumzia kifo cha kimya. Kipo na cha kishindo, na mwili wenyewe umekiandaa.

Chukua bakteria kama Salmonella aliyemezwa na makrofaji akagoma kufa, akafanya nyumba humo humo ndani. Makrofaji ikipukutika kimya, jirani wataambiwa hakuna jambo, na jambo lipo. Kwa hiyo inachagua kupasuka. Kaspasi za aina nyingine, kaspasi-1 na wenzake, hukata protini iitwayo gasdemini D. Kipande kinachobaki hukimbilia kwenye utando na kuutoboa matundu. Maji yanaingia, seli inavimba, inapasuka, na vilivyokuwa ndani vinamwagika, pamoja na interlukini-1, ile inayowasha homa na kuita seli nyingine kwa kelele. Bakteria anajikuta nje, bila nyumba, umati unakuja. Kazi ya gasdemini D ilitangazwa mwaka 2015 na timu mbili kwa pamoja: ya Feng Shao huko Beijing, na ya Dixit yule yule, safari hii akiwa kampuni ya Genentech, California. Kifo hiki kinaitwa pairoptosisi, yaani kudondoka kwa moto.

Kinga, basi, haimsomi mgeni peke yake. Inasoma pia namna jirani walivyokufa. Msiba ukipita kimya, watu wanaendelea na shughuli zao. Ukisikika mayowe usiku, mtaa mzima unatoka na marungu. Na kama ilivyo mtaani, mayowe yakipigwa kwa kosa, marungu yanamwangukia asiyehusika.

Hilo ndilo linalotokea kwa VVU. Kwa muda mrefu wengi walidhani virusi huziua seli za CD4, zile seli T zinazoongoza kinga, kwa kuzitumia kama kiwanda mpaka zichakae. Lakini hesabu haikukaa sawa: seli zinazokufa ni nyingi kuliko zile zinazozalisha virusi. Mwaka 2014 watafiti wa San Francisco waliotumia tishu za wengu na za mafindofindo yaliyokatwa hospitalini walichapisha matokeo yanayoshangaza. Zaidi ya 95% ya seli za CD4 zilizokufa katika tishu hizo zilikuwa zimepumzika; kirusi kiliingia, kikaanza kunakili jeni zake kuwa DNA, kikakwama njiani. Hakikuzaa chochote. Lakini vipande vya DNA iliyokwama vilirundikana, seli ikavihisi, ikapiga mayowe na kupasuka kwa pairoptosisi. Kupasuka kukaita seli nyingine za CD4, na hizo nazo zikaingiliwa, zikapasuka. Kwa hiyo katika Ukimwi askari wengi hawauawi na adui moja kwa moja. Wanajilipua kwa kumhisi mlangoni, na mlipuko unawaita wenzao waje walipokufa wa kwanza. Dawa za ARV zinakata mnyororo huo kwa kumzuia kirusi asizaliane na kuingia seli mpya, ndiyo maana idadi ya CD4 inapanda mgonjwa akizimeza bila kuruka.

Bakteria wa kifua kikuu ni mjanja kwa njia nyingine: hujaribu kuamua makrofaji iliyommeza ife vipi. Ikipukutika, naye anafungwa ndani ya kifurushi na kumezwa na makrofaji mpya yenye nguvu, ambayo pia itapeleka habari zake kwenye seli T. Kwa hiyo aina kali za bakteria huyu huzuia kupukutika na kuisukuma seli ife kwa kuraruka. Anapata kutoka. Kile kitu laini kama jibini ambacho madaktari hukikuta katikati ya vidonda vya mapafu ya TB ni mabaki ya vifo vya aina hiyo, na kikifunguka kwenye njia ya hewa, mgonjwa anakikohoa mbele za watu.

Halafu kuna suala la mazishi. Hata kifo cha kimya kina muda wake. Kifurushi kisipomezwa mapema kinaoza na kumwaga yaliyomo, DNA na protini za kiini ambazo kinga haikuzoea kuziona hadharani. Hapo huweza kuanza lupasi. Katika ugonjwa huo mwili hutengeneza kingamwili, protini za kinga ambazo kwa kawaida hushika wageni, dhidi ya viini vya seli zake wenyewe, na mojawapo ya vyanzo ni wafu waliocheleweshwa. Ushahidi mmoja mzito unatoka kwa watu wachache mno waliozaliwa bila protini iitwayo C1q, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwawekea alama wafu ili wamezwe: zaidi ya 90% yao hupata lupasi au ugonjwa unaofanana nayo. Na wenye lupasi, wengi wao wanawake, huambiwa na daktari wafunike ngozi na kukwepa jua. Jua la mchana huua seli za ngozi. Kwa mtu mwingine maiti hizo zingezolewa kabla hajafika nyumbani. Kwa huyu zinabaki, na jioni mashavu yanawaka.

Dawa anayopewa, prednisoloni kwa kawaida, pamoja na kazi zake nyingine huzisukuma seli changa za kinga zipukutike. Wyllie, yule wa 1972, alizitumia steroidi za ukoo huo kuua seli za thaimasi mwaka 1980, ndipo akaona DNA ikikatwa kwa vipimo kama ngazi.

Nimebakiza Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa Hospitali ya Mulago kumtazama mtoto aliyevimba taya. Mwaka uliofuata aliandika juu ya saratani hiyo, ambayo leo ina jina lake na inawapata zaidi watoto wa maeneo ambako malaria haina msimu. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, jijini London, walikuta kirusi ndani ya seli zilizotokana na uvimbe wa aina hiyo uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda.

Seli inayogeuka saratani hapa ni seli B, ile ya kutengeneza kingamwili. Ndani ya tezi seli B hubadilisha jeni zake makusudi ili kupata kingamwili inayoshika vizuri zaidi, na zinazoshindwa zinapukutika kwa wingi. Malaria inayojirudia huifanya kazi hiyo isipumzike. Katika kukata na kuunga huko, mara moja katika mara nyingi sana, jeni iitwayo MYC inang'olewa kwenye kromosomu ya 8 na kubandikwa jirani na jeni ya kingamwili kwenye kromosomu ya 14, na seli inaanza kugawanyika bila breki. Kwa kawaida MYC ikiwaka hivyo seli hujiua yenyewe. Ni ulinzi wa zamani. Lakini kirusi cha Epstein na Barr kina mbinu za kuuzuia mkono huo, na seli inapita.

Haipiti kwa amani. Ukikiweka kipande cha uvimbe huu chini ya darubini, unaona uwanja wa zambarau iliyoiva uliojaa seli za saratani zilizobanana, na humo ndani madoa meupe yametapakaa. Wanapatholojia wanauita anga ya nyota. Kila nyota ni makrofaji, tumbo limejaa maiti, kwa sababu hata katikati ya saratani inayoongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, seli nyingi bado zinapukutika na bado kuna wa kuzizika.

Saratani iliyo karibu hivyo na kifo haihitaji kusukumwa sana. Burkitt mwenyewe alishangaa kuona taya zikinywea baada ya dozi chache tu za dawa. Ila seli nyingi hivyo zikifa kwa pamoja, makrofaji hazitoshi. Potasiamu na asidi ya yuriki vinamwagika kwenye damu na kuelekea kwenye figo. Kwa hiyo siku ya kwanza ya matibabu wodi ya watoto hutundika chupa za maji kwanza, huanza dawa ya kuzuia asidi hiyo, na muuguzi hupima mkojo wa mtoto kila baada ya muda, akiandika mililita kwenye chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda.